Pima Ukiondoka, Pima Ukifika: Somo kwa Wanaoongoza Mashirika Madogo ya Hisani

Somo la vikundi vya nyumbani
Masomo: Ezra 8:24–34, Matendo 6:1–7, 2 Wakorintho 8:16–21



Wiki hii tunajifunza kuhusu watu ambao hatuwaombei mara nyingi: wale wanaoongoza mashirika madogo ya hisani yanayosaidia jamii zetu za Kiafrika, hapa Uingereza na kule nyumbani. Ni mama anayegawa vyakula kwa familia zilizowasili juzi. Ni kijana anayewasomea wazee barua za uhamiaji. Ni baba anayekusanya ada za yatima wa Bukavu au Kigoma. Wengi wao hurudi kazini usiku, wakala haraka, kisha wakafungua daftari la shirika wakati sisi tumelala.

Tena baadhi yetu tumeombwa, au tutaombwa, kuingia katika uongozi huo. Maneno huwa haya: "Ndugu yangu, tunatafuta majina matatu tu ya kujaza fomu. Wewe weka sahihi, kazi tutafanya sisi." Kabla hujaweka sahihi, tafadhali soma somo hili mpaka mwisho.

1. Neno lenyewe ni dhamana

Kiongozi wa shirika la hisani kwa Kiswahili tunamwita mdhamini. Neno hilo limetoka katika dhamana, yaani kitu kilichowekwa mikononi mwako ingawa si chako. Mahakamani pia tunalijua: mdhamini ni yule anayesimama kwa ajili ya mwingine, na mambo yakiharibika yeye ndiye anayeulizwa. Watanzania wenye umri wanakumbuka walivyofundishwa kwamba cheo ni dhamana. Maana zote mbili zinamhusu kiongozi wa shirika dogo. Anashika mali ya wengine, na ataulizwa juu yake.

Kwa sheria ya Uingereza na Wales, mashirika haya yanasimamiwa na Charity Commission, tume iliyoanzishwa mwaka 1853. Uskoti na Ireland ya Kaskazini zina wasimamizi wao. Kwa kawaida shirika la hisani ambalo mapato yake yanazidi pauni 5,000 kwa mwaka hutakiwa kujisajili. Muundo ule unaojulikana kwa herufi CIO hausimami kabisa bila kusajiliwa, hata kama mapato ni madogo. Daftari la mashirika yaliyosajiliwa liko wazi kwenye intaneti, na majina ya wadhamini humo husomwa na mtu yeyote.

Kwa kawaida mdhamini halipwi mshahara kwa udhamini wake. Anaweza kurudishiwa gharama halali, kama nauli ya kwenda kikaoni. Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: wadhamini wote hubeba wajibu kwa pamoja. Mweka hazina hutunza vitabu, lakini fedha ni wajibu wa kila mdhamini. Siku matatizo yakitokea, kusema "mimi nilikuwa jina tu" hakumwokoi mtu.

2. Ezra na fedha iliyovuka nchi

Tumfungue Ezra sura ya 8. Huyu alikuwa mtu wa ugenini kama sisi. Alikuwa Babeli, na alipewa ruhusa kurudi Yerusalemu pamoja na sadaka kubwa kwa ajili ya nyumba ya Mungu: talanta 650 za fedha, talanta 100 za dhahabu, na vyombo vingi vya thamani. Safari ilichukua miezi minne, na njiani kulikuwa na wanyang'anyi. Ezra aliona haya kumwomba mfalme askari, kwa sababu alikwisha kumwambia kwamba Mungu huwalinda wanaomtafuta. Basi watu wakafunga na kuomba.

Lakini angalieni alichofanya baada ya maombi. Aliwatenga wakuu 12 wa makuhani, akawapimia fedha na dhahabu mbele yao, kila kitu kwa uzani wake. Akawaagiza wavilinde mpaka watakapovipima tena Yerusalemu. Walipofika walipumzika siku tatu, na siku ya nne vyote vikapimwa katika nyumba ya Mungu. Hakupokea mtu mmoja. Alikuwapo Meremothi kuhani, pamoja na Eleazari, na Walawi wawili, Yozabadi na Noadia. Kisha uzani wote ukaandikwa.

Mtu aweza kuuliza: Ezra, hao ni makuhani, huwaamini? Aliwaamini, ndiyo maana aliwakabidhi. Mizani ilikuwa kwa faida yao wenyewe. Kama mtu angesema Yerusalemu kwamba dhahabu imepungua njiani, makuhani wale wangekuwa na uzani wa kuondokea na uzani wa kufikia, na maneno yangeishia hapo.

Hili ndilo kiini cha somo letu, wapendwa. Tumezoea kudhani kwamba kuhesabu ni kumshuku mtu. Maandiko yanaonyesha kwamba kuhesabu humlinda mtumishi mwaminifu. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na mali ikipotea bila habari, jina la mtu hupotea pamoja nayo. Ni wangapi katika jamii zetu wameitwa wezi bila kuiba hata senti, kwa sababu tu walipoulizwa hawakuwa na karatasi ya kuonyesha? Mtu anaweza kufanya kazi njema miaka kumi, neno "amekula" likamwangusha kwa jioni moja.

Paulo naye alilijua hilo. Katika 2 Wakorintho 8 anaeleza jinsi mchango wa watakatifu wa Yerusalemu utakavyosafirishwa. Anamtuma Tito, na pamoja naye ndugu wawili, mmoja wao akiwa amechaguliwa na makanisa yenyewe. Anatoa sababu waziwazi: hataki mtu awalaumu juu ya ukarimu huo, naye anakusudia kutenda yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Mtume mzima hakutaka kubeba mfuko peke yake!

3. Nani akae kwenye kamati?

Matendo 6 inaanza na malalamiko. Wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wanasahaulika katika huduma ya kila siku, na watu wao wakanung'unika juu ya Waebrania. Sisi tunayajua manung'uniko hayo. "Msaada unakwenda kwa watu wa nchi yao." "Sisi wa Burundi hatukuambiwa." "Wakenya ndio wameshika kila kitu."

Mitume hawakuwakemea walalamikaji, wala hawakusema hayo ni maneno ya shetani. Waliita mkutano, wakataka wachaguliwe watu saba wenye sifa tatu: wanaoshuhudiwa vema, wamejaa Roho, wana hekima. Yatazameni majina ya waliochaguliwa: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani. Kanisa lilipokea malalamiko ya wajane, na kazi ya kugawa likawapa watu wanaoifahamu lugha yao.

Basi kamati ya shirika lenu isiwe ya ukoo mmoja, wala ya lugha moja, wala ya wanaume watupu. Charity Commission hushauri wadhamini wasipungue watatu, na ni vizuri wasiwe wote jamaa. Watafuteni pia vijana wetu waliokulia hapa. Katika muundo wa CIO, mtu aweza kuwa mdhamini tangu miaka 16. Vijana hawa wanasoma barua za benki kwa urahisi kuliko sisi, na siku tutakapochoka kazi itakuwa tayari mikononi mwao.

4. Wajibu sita

Mwongozo wa Charity Commission kwa wadhamini unataja mambo makuu sita. Nayaeleza kwa lugha ya nyumbani.

Kwanza, hakikisheni shirika linafanya kazi ile lililoanzishwa kufanya, kwa faida ya umma. Pili, fuateni katiba ya shirika na sheria ya nchi. Tatu, amueni kwa faida ya shirika, wala si kwa faida yenu au ya rafiki zenu. Nne, tunzeni mali ya shirika kwa uangalifu. Tano, fanyeni kazi kwa bidii na ujuzi mlio nao, na pale msipojua ombeni ushauri. Sita, muwe tayari kutoa hesabu.

Hayo si mageni kwa msomaji wa Biblia. Mengi tumeyaona tayari kwa Ezra, kwa wale saba na kwa Tito. Kazi iliyobaki ni kuyatimiza katika mazingira yetu, ambako kuna mahali panne pagumu.

5. Mahali panapotuponza

a) Aibu ya kumuuliza mkubwa

Kwetu mtoto hamuulizi baba hesabu, wala muumini hamuulizi mzee wa kanisa. Heshima hiyo ni njema, tusiitupe. Dawa yake ni kuweka taarifa ya fedha iwe ajenda ya kudumu katika kila kikao, hata kama mwezi huo iliingia pauni kumi tu. Mweka hazina anasoma mapato, matumizi na salio, na taarifa ya benki inapita mkono kwa mkono. Hapo hakuna aliyemuuliza mzee, maana ajenda ndiyo iliyouliza. Na mzee mwenye hekima atakuwa wa kwanza kusema, "Jamani, tusomewe hesabu."

Wapo wanaotaja 2 Wafalme 12:15, kwamba mafundi wa hekalu hawakudaiwa hesabu kwa kuwa walitenda kwa uaminifu. Tusome sura nzima. Hadi mwaka wa 23 wa mfalme Yehoashi fedha ilikuwa ikitolewa na nyumba haijatengenezwa. Ndipo Yehoyada akaweka sanduku lenye tundu kwenye kifuniko. Lilipojaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walikuja pamoja, wakaihesabu fedha, kisha ikakabidhiwa kwa wasimamizi wa kazi. Kabla ya fedha kufika kwa mafundi ilikwisha kuhesabiwa na watu wawili wa ofisi mbili.

b) Damu na undugu

Chukueni mfano. Shirika linachimba kisima kijijini, na fundi mwenye mashine ni mpwa wa mwenyekiti. Je, ni dhambi kumpa kazi? Si lazima. Huenda ndiye fundi bora wa eneo lile. Lakini mwenyekiti aseme mwanzoni kwamba huyu ni mpwa wake, atoke nje wakati wa kuamua, wengine walinganishe bei za mafundi wawili au watatu, na yote yaandikwe katika kumbukumbu za kikao. Undugu uliotajwa mezani haudhuru. Unaodhuru ni ule unaogunduliwa baadaye na watu wa kijiji.

c) Fedha inayovuka bahari

Hapa fuateni mizani miwili ya Ezra. Tuseme mnatuma pauni 600 za ada. Uzani wa kuondokea ni stakabadhi ya benki au ya wakala: kiasi, tarehe, makato, na kiwango cha kubadilisha fedha siku hiyo. Uzani wa kufikia ni kiasi kilichopokelewa kwa shilingi au faranga, sahihi za wapokeaji wawili, na risiti ya shule. Karatasi hizo mbili zikae kwenye faili moja. Pengo likionekana kati yake, iandikwe sababu: makato ya simu, mabadiliko ya kiwango, au jambo jingine. Inapowezekana mlipeni mwenye shule moja kwa moja. Fedha taslimu katika mkoba wa msafiri iepukeni, kwa usalama wake na kwa jina lake.

d) Msiba ukitokea

Hili ni gumu kuliko yote. Mwenzetu amefariki, mwili unatakiwa kusafirishwa, na familia haina kitu. Kwenye akaunti ya shirika kuna fedha ya kisima. Mtu anasema, "Tukope kidogo, tutarudisha."

Wapendwa, fedha iliyochangwa kwa kusudi moja lililotajwa ina mwenyewe. Waliochanga walisema kisima, na kwa sheria itumike kwa kisima. Kuigusa kwa jambo jingine, hata jambo jema, ni kuvunja dhamana. Hilo halina maana tuwaache wafiwa. Mchango wa msiba uanzishwe siku hiyo hiyo, kwa jina lake na daftari lake, nasi tutoe kama kawaida yetu. Sikio letu lijifunze kusikia sauti mbili kwa pamoja: ya mfiwa aliye mbele yetu na ya mama wa kijijini anayesubiri maji, ambaye hayumo chumbani kujitetea. Mdhamini yuko pale kumsemea huyo asiyekuwepo.

6. Shirika lisiishi ndani ya simu ya mtu mmoja

Mashirika mengi madogo yalianzishwa na mtu mmoja mwenye moyo mkubwa, na tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini miaka inapita, na namba za wapokeaji, neno la siri la benki na mawasiliano ya kijijini yote yamo katika simu yake. Akiugua wiki tatu, ada hazitumwi. Akichoka, hana wa kumpokea. Yethro alimwona Musa akihukumu watu tangu asubuhi hadi jioni, akamwambia wazi kwamba jambo hilo halifai, kwani yeye na watu wote watachoka. Kisha akamshauri atafute wasaidizi (Kutoka 18). Ushauri huo ulikuwa wa mkwe aliyempenda.

Kwa hiyo wekeni utaratibu ambao malipo hayapiti benki bila idhini ya watu wawili. Nyaraka ziwekwe mahali wadhamini wote wanapoweza kuzifikia. Katiba iseme kipindi cha uongozi ni miaka mingapi, na kipindi kikiisha watu wapokezane kwa shukrani na maombi. Taarifa ya mwaka inayodaiwa na Charity Commission ipelekwe mapema. Muda unaoruhusiwa ni miezi 10 baada ya mwaka wa hesabu kufungwa, na kuchelewa huonekana wazi kwenye daftari la umma.

Na tusiwasahau wanaopokea. Mjane akipewa unga, asipigwe picha bila hiari yake ili kuwaridhisha wafadhili. Waulizwe wanahitaji nini kabla ya kupangiwa.

7. Na sisi tusio viongozi?

Kazi yetu ni tatu. Tuulize kwa upendo, ana kwa ana, wala si kwa kunong'ona baada ya ibada. Tusome hesabu zinapotolewa, maana wadhamini huvunjika moyo wakiandaa taarifa ambayo hakuna anayeifungua. Tena tutoe kwa namna inayosaidia. Mtu anayelipa kodi ya kutosha hapa Uingereza anaweza kujaza fomu ya Gift Aid, na shirika linalotambuliwa na mamlaka ya kodi likadai senti 25 juu ya kila pauni aliyotoa, bila yeye kuongeza chochote. Asiyelipa kodi asijaze fomu hiyo, kwa sababu anaweza kudaiwa tofauti.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini Ezra alipima sadaka mara mbili, wakati alikwisha kufunga na kuomba?
2. Mitume walipokeaje malalamiko ya wajane? Sisi huyapokeaje malalamiko kama hayo kati ya mataifa yetu?
3. Fedha ya kisima na msiba wa mwenzetu: mngeamuaje, na mngewaelezaje wafiwa?
4. Ukiombwa leo kuwa mdhamini, ni maswali gani matatu ungeuliza kabla ya kuweka sahihi?

Zoezi la wiki

Kama wewe ni mdhamini, fungua daftari la umma usome ukurasa wa shirika lako, uone kama majina na tarehe ni sahihi. Kama si mdhamini, mtafute mmoja umpe mkono, umshukuru, na umuulize akuombee lipi na wewe umwombee lipi.

Sala

Ee Bwana, uliye mwaminifu katika mambo makubwa na madogo, uwatie nguvu wote wanaoshika mali ya maskini. Uwalinde na tamaa, uwalinde na masingizio. Uwape wenzao wa kuhesabu pamoja nao, na utupe sisi moyo wa kutoa na ulimi wa kutia moyo. Siku tutakapofika kwako, vipimwe vyote tulivyokabidhiwa, pasipungue kitu. Katika jina la Yesu. Amina.